Hadi Mstari wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Ukurasa wako wa mwisho una tarehe ya mwezi wa nane, siku tatu kabla ya mazishi, na tangu hapo sijaandika hata orodha ya sokoni. Udhuru sina. Kalamu nilikuwa nayo, meza nilikuwa nayo, muda nilikuwa nao kupita kiasi. Nilikosa la kusema, na asiye na la kusema anyamaze. Ndivyo nilivyowaambia wasomaji kwa miaka thelathini na mmoja niliyosimamia maktaba.

Leo ninalo la kusema. Nimekasirika.

Binti yangu ameleta lile gari lake jekundu na kuliingiza katika banda la marehemu baba yake. Hakuniuliza. Aliniarifu.

“Ni wiki moja tu, mama. Tunabadilisha breki.”

“Gari lina breki.”

“Zimezidiwa.”

Zimezidiwa na nini? Hapo nikaelezwa, kwa tabasamu, jambo ambalo mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mfamasia, mwenye funguo za kabati la dawa kali, angepaswa kulisimulia kwa aibu. Kila mwezi huenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mahali walipochora njia ya mzunguko, na huko hukimbiza gari pamoja na watu wazima wenzake. Mwezi uliopita, katika mzunguko wa sita, pedeli ililegea chini ya mguu wake kama anakanyaga mto wa kulalia. Kona ikampita. Akasimama majanini.

“Nani hushinda huko?”

“Hakuna, mama. Si mashindano.”

“Basi mnafanya nini?”

“Tunazunguka.”

Wanazunguka. Mtu anatoka mahali, anarudi palepale, na ili arudi vizuri zaidi anahitaji breki kubwa zaidi. Nilimwambia mwenye akili zake angeacha kwenda. Akanijibu kwamba mwenye akili zake hubadilisha breki. Amenirithi ulimi, hakunirithi busara.

Jumatano, 5 Machi

Fundi amekuja. Huko uwanjani wanamwita Kobe, naye huitikia. Ni mtu wa makamo, mfupi, mpana, asiyeinua sauti wala miguu. Binti yangu ananiambia kwamba hakuna gari linaloingia njiani kabla Kobe hajalikagua na kulitia alama ya chaki kwenye kioo cha mbele. Chaki ni yake peke yake. Mwenyekiti wa chama chao mwenyewe husubiri foleni.

Alifika saa mbili kamili. Hilo nalikubali. Mengine sikubali.

Kwanza, hana orodha. Alitandaza kadibodi sakafuni, akawa anafungua na kupanga: nati hapa, boliti pale, kila kitu upande wa gurudumu lake. Nikamuuliza orodha iko wapi.

“Orodha gani, mama?”

“Ya ulichofungua na utakachofunga.”

“Ndiyo hii kadibodi. Ikibaki tupu, nimemaliza.”

Nikaanza kuzihesabu boliti mwenyewe.

Vitu vya zamani nilivionea huruma, nakiri. Diski zimegeuka bluu na zambarau kwa moto, zina nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Pedi zimebaki unene wa ukucha. Vipya ni vikubwa mno kwa gari dogo vile: diski kama sinia, zenye mifereji, vibanio vyenye pistoni nne pale palipokuwa na moja, pedi ngumu ambazo, anasema, haziumi mpaka zipate moto, na mipira ya mafuta iliyovishwa wavu wa chuma isitanuke. Kisha akafungua kopo la mafuta ya breki mbele yangu. Mafuta yenye rangi ya chai isiyokolea. Yanastahimili joto, anasema. Akajaza alichohitaji, na yaliyobaki akayamwaga kwenye chupa ya uchafu.

Nikamuuliza kwa nini anatupa kitu kizima.

“Kopo likishafunguliwa hunywa unyevu wa hewani. Siwekagi, mama.”

Marehemu baba yao hakuwahi kutupa kitu chenye matumizi. Rafu zake zimejaa makopo kwa sababu hiyo.

La pili, na hili nitalikumbuka: nilifanywa msaidizi. Breki mpya lazima zitolewe upepo ulionasa ndani, na kazi hiyo inataka mtu wa pili ndani ya gari. Binti yangu yuko kazini. Basi mimi, niliyestaafu kwa heshima, nikakaa kwenye kiti kinachombana mtu mbavu kama koleo, nikaamrishwa kwa muda wa saa nzima.

“Kanyaga.”

Nikakanyaga.

“Shikilia.”

Nikashikilia.

“Achia. Kanyaga, mama. Hapana, usiachie mpaka niseme.”

“Ulisema achia.”

“Ile ya kwanza, mama. Hii bado.”

Magurudumu manne. Mwishowe pedeli ikasimama ngumu kama jiwe, na kwa sekunde moja nikajisikia fundi. Hiyo nayo iliniudhi.

La tatu. Alipokwisha nilitazama kichupa cha mafuta ya breki pale chini ya boneti. Kina mistari miwili, wa juu na wa chini. Mafuta yako upana wa kidole chini ya ule wa juu. Nikamwonyesha.

“Yaache hapohapo, mama. Mtu asiyaguse.”

“Mstari uliwekwa kwa sababu.”

“Ndiyo, mama. Hata ule wa chini.”

Akakunja kadibodi yake tupu, akanawa mikono kwenye bomba la nje, akaondoka. Hakusema kwa nini yaachwe. Mtu wa maneno machache hupewa sifa ya kujua mengi. Mimi huwapa wavivu sifa hiyohiyo.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu jana alizunguka vitongojini kuzizoesha zile pedi, kisha akarudisha gari bandani. Wiki moja imekwisha, gari bado lipo. Nililitarajia hilo.

Asubuhi nimefanya ukaguzi wa Jumapili. Sijaufanya tangu mwezi wa nane, kwa kuwa gari letu liliuzwa. Leo banda lina gari, na miguu ikanipeleka. Baba yao alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, na hatukuwahi kuuruka: upepo wa matairi, maji, oili, breki. Yeye akiinama, mimi nikisoma mistari kwa sauti. “Juu?” “Juu.” “Funga.”

Matairi sawa. Maji sawa. Oili sawa. Breki, upana wa kidole chini ya mstari.

Nikachukua kopo la breki kwenye rafu ya tatu, nikajaza hadi mstari wa juu. Kazi ya dakika moja. Sijui kilichomshinda bwana yule. Rafu zenyewe ziko sawasawa: nilizipanga wiki ya tatu baada ya kumzika baba yao, kwa kufuata maandishi ya makopo. Zilikuwa fujo. Rangi kando ya gundi, grisi kando ya misumari. Sasa breki ziko na breki, oili na oili, na hata kipofu angeona.

“Juu,” nikasema. Hakuna aliyesema funga. Nikafunga.

Jumapili, 16 Machi

Ukaguzi. Kila kitu sawa. Breki zimeshuka kwa unywele, nimeongeza matone. 

Binti yangu analalamika kwamba breki zinang’ang’ania, anaachia pedeli na gari bado linazuiwa kidogo. Amempigia Kobe. Kobe amesema atazitazama Jumamosi uwanjani kabla ya kutia chaki. Vitu vipya, na tayari vina kasoro! Nilisema nini?

Jumamosi, 22 Machi

Saa sita mchana simu. Mwenyekiti wa chama chao.

“Mama, usishtuke.”

Mtu akiambiwa asishtuke ameshashtuka. 

Binti yangu yuko hai. Naliandika kwanza ili nikilisoma tena lianze hilo. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, na mtulinga wa begani. Kichwa ni kizima. Alinieleza mwenyewe, amelala kitandani hospitalini, uso umevimba upande mmoja: mzunguko wa nne, mwisho wa ile njia ndefu ndege zilipokuwa zikirukia, akakanyaga.

“Pedeli ikaenda chini, mama. Hadi kwenye zulia. Nikapampu mara ya pili, hakuna kitu. Nikaona matairi yananijia.”

Ni ukuta wa matairi mabovu waliyoyafunga pamoja mwisho wa njia. Ndio uliomwokoa.

Kobe alikuwa kwenye benchi la ujia. Ana viatu vya binti yangu mapajani, amevishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Akasimama.

“Mama, nilizitazama asubuhi. Zilikuwa zinavuta kidogo. Nikaona ni upya wa pedi. Nikatia chaki.”

“Basi ulitia chaki kwenye jeneza.”

Nilisema hivyo, kwa sauti, na wauguzi wakageuka. Nikachukua viatu, nikamwambia atoke. Akatoka, taratibu, hata wakati ule taratibu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeandika barua. Kurasa mbili kwa chama, nakala kwa kila mjumbe wa kamati. Sikupamba. Nilieleza kwamba mtu huyu hana orodha, hana kumbukumbu ya maandishi, hutupa mafuta mazima, huacha kichupa chini ya kiwango na kumkataza mwenye nyumba asiguse. Nilieleza kwamba aliona dalili asubuhi ile na bado akaruhusu gari. Nilimalizia hivi: “Afanyaye kazi bila maandishi hana ushahidi kwamba aliifanya. Naomba chaki ichukuliwe mkononi mwake.”

Mwenyekiti amenipigia kabla ya jioni. Amefurahi kuliko inavyostahili. Nadhani amechoka na ile foleni.

“Mama, nitaisoma neno kwa neno. Kwenye chama hiki hakuna aliyewahi kutuandikia kitu chenye aya.”

Kamati inakutana Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimeombwa nihudhurie kama mlalamikaji.

Mdogo wangu, ambaye nilimsomea kwa simu, alisema, “Dada, barua hiyo ningeletewa mimi, ningehama mji.” Nikamwambia huo ndio ukubwa wa kosa. Akasema hakuwa anaisifu.

Binti yangu ameruhusiwa kutoka, yuko chumbani kwake kwa zamani, mkono umefungwa kifuani. Hanisemeshi. Alisema moja tu, mlangoni:

“Umeandika bila kuniuliza.”

“Nilikuarifu.”

Akafunga mlango kwa mguu.

Jumatano, 26 Machi

Gari lilivutwa kutoka uwanjani na kurudishwa bandani, pua imekunjamana. Leo Kobe amekuja kulifungua. Binti yangu ndiye aliyemwita. Ningemzuia getini, lakini nikaona ni vizuri nishuhudie.

Alitandaza kadibodi. Mara hii alifungua kitu kimoja tu: kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki. Ndani yake kuna mpira mwembamba. Ulikuwa umevimba, umejikunja kingo kama sikio, haukubali kurudi mahali pake. Akautazama kwa muda mrefu. Halafu akafungua pampu iliyo chini yake, akatoa mipira mingine midogo. Nayo imevimba, laini kama iliyochemshwa.

“Hii mipira imekunywa kitu,” akasema. “Imevimba, ikashika. Breki zikawa haziachii, zikajipika zenyewe. Halafu ikakatika.”

Akaniomba glasi ya maji. Nikadhani ana kiu. Akachovya bomba dogo ndani ya kichupa, akadondosha matone majini. Mafuta ya breki, alimweleza binti yangu, huyeyuka majini kama sukari. Haya yakakaa juu. Duara la manjano, linang’aa, halitaki kuchanganyika na mtu.

“Si niliyoyatia mimi. Kuna mengine ndani. Oili ya aina nyingine.”

“Bila shaka,” nikasema. “Na aliyeyatia ni nani, kama si mwenye kopo?”

Alikuwa anapangusa vidole, kimoja kimoja. Kisha akauliza, kwa upole ulioniudhi kuliko ujeuri:

“Mama, humu ndani yupo mwingine anayefungua boneti?”

“Katika nyumba hii naishi mimi peke yangu.”

Ni jibu sahihi. Sikuona haja ya kumhadithia ukaguzi wa Jumapili. Kujaza hadi mstari si kufungua gari, ni kulitunza. Na niliyoyatia ni mafuta ya breki, kopo limeandikwa. Yeye ndiye aliyekuja na makopo asiyoyahifadhi. Nani ajuaye alitia nini mkebe ukishatupwa?

Aliondoka na mpira uliovimba ndani ya karatasi. Glasi ameiacha mezani pangu. Nimeimwaga.

Alhamisi, 27 Machi

Mwenyekiti alimwita Kobe leo kumsikiliza kabla ya Jumamosi. Binti yangu aliomba lifti kwa rafiki yake akaenda pia, amekaa katikati yao na mkono wake wa plasta. Jioni kabla ya chakula alinisimulia, si kwa mapenzi, kwa hasira. Lakini alinisemesha.

Kobe hakujitetea. Mwenyekiti alimuuliza oili ile imeingiaje. Akasema hajui. Akaulizwa nani wa mwisho kufungua kichupa kile. Akasema, “Mimi.” Basi. Hakumtaja mtu. Hakutaja nyumba. Mwenyekiti akaandika: fundi amekiri.

“Nikamuuliza nje, kwa nini husemi labda kuna mtu mwingine? Unajua alisema nini, mama? Alisema, ‘Nilimuuliza mama yako, na mama yako si mtu wa kusema uongo.’”

Nikaendelea kukata mboga.

“Na mimi Mwenyekiti aliniuliza kama mama hugusa gari. Nikamwapia. Nikasema mama analichukia lile gari, hata kulitazama hatazami.”

Nikamuuliza kwa nini kuapa kwa jambo usilolijua. Akaniangalia kama nimeongea lugha nyingine.

“Kwani hulichukii?”

Anasema bila chaki Kobe hana kazi. Gereji yake ndogo inaishi kwa magari ya uwanjani, na nani atampelekea gari mtu aliyenyang’anywa alama? Nikasema hayo angeyafikiria mapema. Nilisema kwa uthabiti. Kitunguu kilikuwa kikali sana.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika mchana, jua liko dirishani, mikono yangu ni mikavu, akili yangu ni nzima. Naandika hivyo ili nisije nikajiambia baadaye kwamba nilichanganyikiwa.

Asubuhi nilikwenda bandani kuchukua kopo. Nia yangu ilikuwa kulipeleka kesho mbele ya kamati: haya ndiyo mafuta halali, katika nyumba inayotunza vitu, na tazameni tofauti. Ningefanya jaribio la glasi mbele yao, kama alivyofanya yeye, na yangu yangeyeyuka. Nilishaiandaa hata sentensi ya kufungulia.

Mtu hufanya mazoezi kabla ya kusimama mbele ya watu. Nikajaza glasi, nikadondosha.

Yakakaa juu.

Nikamwaga. Nikasugua glasi kwa sabuni, nikaisuuza mara mbili. Nikadondosha. Yakakaa juu. Nikachukua kikombe cha kaure, maji mengine, ya birikani. Duara lilelile la manjano, linaniangalia kama jicho.

Nikalirudia kopo. Limeandikwa kiwandani kwa herufi kubwa, mafuta ya breki. Halina kosa. Nikalinusa, nikalitikisa. Nikarudi bandani kutafuta kosa liko wapi, kwa sababu lazima liwe mahali, na niliamini bado lingekuwa kwa mtu mwingine.

Jeki ya baba yao iko chini kabisa, pembeni, chini ya rafu ya kwanza. Sijawahi kuisogeza, ni nzito. Kando yake sakafuni kuna alama ya kutu. Duara. Nikaliweka kopo juu yake. Likakaa sawasawa, ukingo kwa ukingo.

Lilikaa pale miaka. Ni oili ya jeki. Alinunua oili ya jeki kwa wingi, akaimimina katika kopo tupu alilokuwa nalo, kwa kuwa hakutupa kitu, akaliweka kando ya jeki. Hakuandika chochote. Kwa nini aandike? Lilikuwa kando ya jeki. Alijua vitu kwa mahali pake. Ile yote niliyoiita fujo, grisi kando ya misumari, gundi kando ya rangi, ilikuwa orodha, na mimi wiki ya tatu baada ya kumzika niliifuta yote kwa siku moja, nikaandika yangu juu yake, nikajisifu.

Kadibodi ikibaki tupu, nimemaliza.

Nimemkasirikia. Naandika ukweli. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamgombeza marehemu kwa sauti: neno moja tu, mzee, kipande cha karatasi na gundi, ungekufa kwa kuandika neno moja? Kisha nikasikia nilichosema.

Binti yangu aliita kutoka jikoni, “Mama, unazungumza na nani?”

“Na baba yako.”

Akadhani ni majonzi.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tatu kasorobo.

Nimevaa. Barua yangu iko mezani, kurasa mbili, nakala safi. Nimeisoma upya nikitafuta sentensi ya uongo. Hakuna hata moja. Hana orodha, ni kweli. Alitupa mafuta, ni kweli. Alinikataza nisiguse, ni kweli tupu. Niliandika kila kitu isipokuwa kwamba niligusa.

Nimejaribu kuandika nyingine. “Kwa Mwenyekiti na wajumbe. Naomba kurekebisha.” Nikaishia hapo. Kurekebisha ni kwa tarakimu ya ukurasa. Mtoto wangu aligonga ukuta kwa oili niliyoimimina mimi nikihesabu mistari kwa sauti. Nikilisema hili mbele ya kamati, nalisema mbele yake pia, naye ameshaapa kwa ajili yangu. Nisiposema, mtu aliyeniuliza kwa adabu na kuliamini jibu langu anarudi nyumbani bila chaki. Na baba yao? Watasema mzee alichanganya makopo. Hakuchanganya. Nani atanielewa nikieleza kwamba hakuchanganya?

Saa tatu na nusu sasa. Nilidhani tungekwenda kwa teksi. Binti yangu ameingia, amejipaka manukato kwa mkono wa kushoto, kayapaka mengi upande mmoja.

“Teksi ya nini? Kobe anatupitia.”

“Kobe?”

“Anakwenda hukohuko, mama. Na mimi siwezi kuendesha. Nilimuomba, akasema mama asisumbuke.”

“Anajua nakwenda kusema nini?”

“Barua yako ameisoma. Amesema imeandikwa vizuri.”

Amekuja. Namwona kutoka dirishani. Yuko uani na gari lake la kazi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Amefungua mlango wa mbele ili nikae mimi, si wa nyuma. Amepangusa kiti kwa kitambaa. Sasa anazunguka gari taratibu, anaminya tairi moja baada ya jingine kwa kiatu, na katika mfuko wa shati kuna kitu cheupe kinachojitokeza. Ameileta chaki. Amekuja nayo ili wasilazimike kumfuata.

Binti yangu ananiita. Nimejibu kwamba natafuta miwani. Miwani iko usoni.

Barua ipo mezani. Kopo nimelifunga kifuniko kwa nguvu, nikalizungushia gazeti, nikalitia ndani ya mkoba wangu mkubwa. Hilo halimaanishi chochote. Mkoba una nafasi.

Daftari, nauacha ukurasa wa kulia mtupu, na tarehe nimeshaiandika juu yake. Utajazwa leo, nitakaporudi, nikiwa nimejua nimeamua nini. Ananingoja. Hapigi honi.